Safari Humpa Mchoraji Nini Hasa?

Kwenye vibanda vya picha, kuanzia mbele ya Fort Jesus hadi njia za kuteremkia ufuo wa Bamburi, kuna mchoro ambao huukosi: jahazi jeusi, mnazi ulioinama, na jua jekundu linazama baharini. Ni picha ya kupendeza, na wengi wanaoichora wana mikono stadi kwelikweli. Lakini Mombasa jua halizami baharini. Bahari yetu ya wazi iko mashariki. Jua hutoka majini upande wa Nyali na Shanzu, na jioni hutua bara, nyuma ya Changamwe na Miritini. Anayetaka kuliona likigusa maji hana budi kutazama Kilindini au hori ya Tudor, na huko hakuna upeo mtupu wa bahari. Kuna mikoko, kreni za bandari, matangi ya mafuta na vilima vya bara.

Kwa maoni yangu mchoro ule umesafiri. Umetoka kwenye kadi za posta na kalenda za pwani nyingine, zile zinazotazama magharibi, ukafika kwetu pamoja na watalii, ukazoeleka mpaka ukawa ndiyo sura ya mji. Mtu anayeliona jua likichomoza majini kila alfajiri anakaa kitako na kulichora likizama mumo humo.

Naanza na mchoro huo kwa sababu unautatiza msemo tunaoupenda. "Tembea uone," tunaambiwa, na kwa wachoraji husemwa kwa mkazo zaidi, kwamba asiyeiona Paris, London au New York bado hajaiva. Ni kweli kwamba historia ya uchoraji imejaa watu waliogeuzwa na safari. Imejaa vilevile watu waliokwenda mbali wakarudi na kile kile walichoondoka nacho. Nini kinachowatofautisha? Kijana wa Majengo au Kisauni anayeweka shilingi akiba kwa ajili ya nauli na ada ya viza ana haki ya kujua ananunua kitu gani.

Meli ukutani

Ndani ya Fort Jesus kuna michoro iliyochorwa ukutani na Wareno waliokuwa zamu ngomeni, kwa mkaa mweusi na rangi nyekundu. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na waliolala humo walikuwa wasafiri hasa: kutoka Ureno, kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwenda Goa, kuja Mombasa. Nje ya ngome palikuwa na mji wa Waswahili wenye nyumba za mawe na misikiti, na majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yaliyokuja na kaskazi. Nao wakachora meli. Kuna sura za watu na samaki pia, lakini meli ndizo zinazolishika jicho.

Nimesimama mbele ya ukuta ule mara nyingi, na sidhani walikuwa wazembe wa kutazama. Mtu anayeishi ngomeni akingoja chakula, barua na askari wa kumpokea zamu, swali lake la kila siku ni meli itaingia lini. Akishika mkaa, swali hilo ndilo linalotoka kidoleni. Waomani walipoizingira ngome kuanzia 1696 hadi 1698, swali lenyewe lilikuwa la kufa na kupona.

Mji, basi, humjibu mchoraji lile swali aliloingia nalo. Ukija na swali la meli utaona meli. Ukija bila swali lolote utaona yale ambayo kila mtu ameshayaona, na hapo ndipo machweo ya kadi ya posta yanapopata nafasi. Karibu kila kisa cha mchoraji aliyepata ilhamu safarini, ukikichunguza, utakuta swali lilikuwepo miaka kadhaa kabla ya tiketi.

Mchukue Paul Klee, aliyezaliwa Uswisi. Mwezi Aprili 1914 aliingia Tunisia pamoja na wachoraji wenzake wawili, August Macke na Louis Moilliet. Hawakumaliza hata wiki mbili pamoja. Alipofika Kairouan, mji wa misikiti na kuta za chokaa, aliandika kwenye shajara yake kwamba rangi imemteka, kwamba yeye na rangi ni kitu kimoja, na kwamba sasa ni mchoraji. Kisa hiki husimuliwa kama muujiza wa jua la Afrika. Kinachorukwa ni kwamba Klee alikuwa mtu wa kalamu na mistari myeusi kwa miaka mingi, akiiogopa na kuitamani rangi. Mwaka 1912 alikwenda Paris kumwona Robert Delaunay, aliyekuwa akijenga picha kwa rangi tupu, kisha akaitafsiri kwa Kijerumani insha ya Delaunay kuhusu mwanga. Kairouan ilimkuta amejaa tele, ikamfungulia.

Wenzake walikuwa kwenye mji ule ule, siku zile zile. Macke alifanya kazi kwa kasi na kurudi na rangi za maji zinazopendwa mpaka leo, ingawa hakubahatika kuziendeleza, maana aliuawa vitani Septemba ya mwaka huo akiwa na miaka 27. Moilliet alichora michache mno. Jua lilikuwa moja kwa wote watatu.

Jua la London na jua la Mombasa

Kuna jambo moja ambalo safari humpa mchoraji hata kama hakuliomba, nalo ni mwanga mwingine. Hili ni la hesabu ya dunia na jua, na nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo linalotuhusu sisi wa pwani kuliko mengine yote.

Mchoraji Mfaransa Claude Monet alikwenda London mara tatu mfululizo, 1899, 1900 na 1901, akapanga vyumba vya juu katika hoteli ya Savoy kando ya mto Thames. Kutoka dirishani alichora madaraja ya Waterloo na Charing Cross. Majengo ya Bunge aliyachora kutoka hospitali ya St Thomas, ng'ambo ya mto. Hakuvutiwa na Bunge kama Bunge. Alivutiwa na hewa iliyokuwa kati yake na Bunge: ukungu wa mto uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe kutoka viwandani na kwenye mabomba ya nyumba, wakati mwingine wa manjano, wakati mwingine wa zambarau. Aliwahi kusema kwamba bila ukungu London isingekuwa mji mzuri. Alifungua turubai karibu 100, zote kwa pamoja. Mwanga ukigeuka, aliiweka kando aliyokuwa nayo mkononi na kutafuta ile iliyofanana na mwanga mpya. Nyingi alizimalizia nyumbani kwake Giverny, Ufaransa, na mwaka 1904 akaonyesha 37 mjini Paris.

Mwaka 2023 watafiti wawili, Anna Lea Albright na Peter Huybers, walichapisha kazi iliyolinganisha michoro ya Monet na ya Mwingereza Turner na viwango vya uchafuzi wa hewa wa zama zao. Waliona kwamba kadiri moshi ulivyozidi, ndivyo kingo za vitu kwenye michoro zilivyofifia na weupe ulivyoongezeka. Sehemu ya kile tulichokiita mtindo ilikuwa hewa yenyewe, iliyotazamwa kwa uaminifu mkubwa. Na swali la hewa Monet hakulipata London. Alikuwa nalo tangu 1872, alipochora jua likichomoza katika moshi wa bandari ya Le Havre, mji aliokulia.

Sasa linganisha na kwetu. London iko nyuzi 51 na nusu kaskazini ya ikweta. Mwezi Desemba, saa sita mchana, jua lake hupanda nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, kisha huzama kabla ya saa kumi. Vivuli ni virefu kutwa, na mwanga hupita ndani ya hewa nyingi kabla ya kulifikia jicho, kwa hivyo huja ukiwa umelainika na kushika rangi. Mchoraji anaweza kukaa saa nyingi na jambo lile lile.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Hata mwezi Juni, jua linapokuwa chini kuliko wakati wowote, adhuhuri hufika nyuzi 62. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba, hupita juu ya utosi kabisa na kivuli cha mtu hujikusanya chini ya miguu yake. Jioni nayo haingoji, kwani dakika ishirini na kitu baada ya jua kutua, rangi zimekwisha. Saa za mwanga wa ubavuni, ule unaopendwa na vitabu vya kufundishia, kwetu ni chache: asubuhi mpaka saa tatu hivi, kisha baada ya saa kumi. Katikati yake jua hupiga kutoka juu na kuzisaga rangi za vitu vilivyo wazi.

Kijana wa Mombasa aliyejifunza uchoraji kwa vitabu vya Ulaya, au kwa video za watu wa huko, anafundishwa kushughulika na jua ambalo hana. Anasubiri kipindi kifupi kizuri cha jioni na kuuacha mchana wote kama wakati usiofaa. Matokeo yake ni machweo, machweo, machweo.

Mimi naamini rangi ya adhuhuri ya Mombasa imo kivulini. Ingia Mji wa Kale saa saba mchana, kwenye vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu. Juu kuna ukanda mwembamba wa mbingu. Jua linagusa ukuta mmoja, mwanga unarudishwa ukuta wa pili, unateremka unaruka hivyo mpaka chini, na ukifika sakafuni umeshabeba rangi ya kila ulichokigusa. Kivuli cha pale hakina weusi. Kando ya ukuta wa manjano kina umanjano. Chini ya roshani ya mbao kina hudhurungi, na mahali palipoanikwa kanga kinageuka kwa upepo. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya jiji yapakwe nyeupe na buluu, wengi walijadili kama yanapendeza au hayapendezi. Kwa mchoraji swali lilikuwa jingine kabisa: mwanga wote wa barabara zile ulibadilika, kwa sababu kuta nyeupe hurudisha mwanga mwingi zaidi, na vivuli vyake huvuta ubuluu.

Halafu kuna pepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mbingu ni kali na bahari imetulia. Ikija masika na kusi, mawingu huusambaza mwanga sawasawa, kijani cha miembe hujaa, na bahari hugeuka rangi ya chupa. Hiyo ni miji miwili ndani ya mwaka mmoja, na mwenyeji hahitaji tiketi. Kinachomsaidia aliyeishi kidogo London au Paris ni kwamba mwanga wa kule humwonyesha kuwa mwanga una tabia, kwamba hata wa kwao ni mmoja kati ya mingi. Aliyekaa ndani yake tangu kuzaliwa hudhani ndivyo vitu vilivyo.

Na wala kutembea mji mzima si sharti. Camille Pissarro, uzeeni, alikuwa na ugonjwa wa jicho uliomzuia kufanya kazi nje kwenye upepo na vumbi. Mwaka 1897 akapanga chumba cha hoteli Paris, akachora barabara moja, Boulevard Montmartre, mara 14: asubuhi, mvua, usiku wa taa, siku ya sherehe. Dirisha lilikuwa moja.

Mji usioonekana kwenye picha

Watu wengi wanapofikiria mchoraji aliyevutwa na jiji, hufikiria picha ya jiji. Piet Mondrian wa Uholanzi aliikimbia vita, akapitia London, na Oktoba 1940 akafika New York. Kwa takriban miaka ishirini alikuwa akichora mistari myeusi iliyonyooka na miraba ya nyekundu, manjano na buluu. New York alikuta mitaa iliyokatana kwa pembe nyoofu, taa zinazowaka na kuzima, na muziki wa piano wa boogie-woogie alioupenda sana. Katika mchoro wake wa 1942 na 1943, Broadway Boogie Woogie, mistari myeusi imetoweka. Mahali pake kuna njia za manjano zenye vipande vidogo vya rangi vinavyorukaruka. Humo hakuna ghorofa hata moja, wala gari, wala mtu. Jiji limeingia kama mwendo.

Nasisitiza hili kwa sababu ya matatu yetu. Mchoraji anaweza kuchora matatu vizuri sana, na rangi zake zote na maandishi yake, na asipate chochote cha Mombasa. Mwingine akachora mistari tu, na ukahisi kivuko cha Likoni saa kumi na mbili asubuhi, ule umati unaoteremka mteremko kwa pamoja na kubanwa getini.

Anayenunua naye huchora

Wachoraji wengi waliohamia miji mikubwa walifuata soko, na hakuna aibu ndani yake. Canaletto wa Venice aliishi kwa kuwauzia wasafiri wa Kiingereza mandhari ya mji wake. Vita vya Ulaya vya miaka ya 1740 vilipowazuia wageni kusafiri, aliwafuata kwao. Alihamia London mwaka 1746 na kukaa huko takriban miaka tisa. Mito na madaraja ya London aliyachora kwa jua la Venice, safi na la dhahabu, maana hilo ndilo lililokuwa limemfanya auze. Wachoraji wa pwani yetu wanaijua hali hiyo bila kufundishwa. Baada ya uchaguzi wa 2007, na tena wakati wa tahadhari za usafiri za 2014, na tena 2020, wageni walipokatika vibanda vilifungwa, na picha zilizosalia zikawa zile zenye hakika ya kuuzwa. Mnunuzi wa siku moja anataka alichokwisha kukiona kwenye tangazo kabla ya kupanda ndege. Machweo yale tuliyoanza nayo yameagizwa.

Soko hilo hilo, hata hivyo, liliwahi kuzaa kitu kipya. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, kusini mwa Tanzania, akapita mashamba ya mkonge Tanga, akafika Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao za kubandika darini, akiziuza Oysterbay, walikoishi wageni. Alifariki 1972, lakini mtindo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Jiji lilimpa wanunuzi na vifaa vya duka la fundi, na vifaa vile, rangi nzito inayong'aa na ubao laini, vikaamua sura ya kazi.

Vitu husafiri pia

Mwanzoni mwa miaka ya 1700, Berlin, wakemia walipata kwa bahati rangi ya buluu iliyokolea na isiyo ghali. Waholanzi waliipeleka Japani. Karibu na mwaka 1831 mchoraji wa huko, Hokusai, aliitumia katika wimbi lake kubwa linalojulikana dunia nzima. Picha za chapa za Kijapani zikasafiri kurudi Ulaya, na Monet akakusanya zaidi ya 200 nyumbani kwake. Hokusai hakutoka Japani, na Monet hakufika huko. Kwa wenyeji wa mji wa bandari hili halihitaji maelezo mengi. Leo Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea London, huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, alichokikuta kwenye soko la watalii Nairobi. Matundu na mishono ya gome humlazimisha kuichora picha kwa namna ambayo turubai la dukani lisingemdai.

Kinachobaki mtu akiondoka

Mwaka 1832 Mfaransa Eugène Delacroix alifuatana na ujumbe wa serikali yake kwenda kwa Sultani wa Moroko. Alijaza madaftari kwa michoro ya haraka, na pembeni akaandika kwa maneno rangi alizoziona. Safari ilikuwa ya miezi michache, lakini Moroko iliendelea kutoka kwenye brashi yake mpaka alipofariki 1863. Baada ya miaka ishirini aliandika kwamba kazi zake za Afrika zilianza kufaa pale tu aliposahau vijambo vidogo na kubakiwa na vile vikubwa vilivyomgusa. (Tusisahau kwamba Ufaransa ilikuwa imeiteka Algiers miaka miwili kabla. Macho yaliyochora yalikuwa pia ya mtu wa dola.) Usahaulifu wake ulikuwa sehemu ya kazi. Simu zetu zenye picha elfu tatu zinatunyima kitu hicho, kwani hakuna kinachoachwa kidondoke ili kilichobaki kipate nguvu.

Kumbukumbu ina upande mchungu. Gerard Sekoto wa Afrika Kusini alichora Sophiatown, District Six na Eastwood, mitaa ya watu weusi na machotara, kwa rangi za moto ambazo bado zinatetemeka. Mwaka 1947 alihamia Paris, mji ambao kila mchoraji aliuota. Alipiga piano kwenye vilabu vya usiku ili ale. Hakurudi kuishi kwao tena hadi alipofariki 1993. Wengi, nami nikiwa mmoja wao, wanaziona kazi zake za kabla ya kuondoka kuwa na nguvu kuliko nyingi za baadaye. Paris ilimpa uhuru wa kutembea bila pasi mfukoni, ile hati waliyolazimishwa watu weusi kubeba kwao, na hilo haliwezi kudharauliwa hata kidogo. Swali lake, hata hivyo, lilikuwa watu wa mitaa ile, na mitaa yenyewe ilibomolewa na serikali ya ubaguzi naye akiwa mbali. Michoro yake sasa ni ushahidi wa mahali ambapo hapapo.

Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, alisomea London miaka ya 1950, na baadaye akawa balozi wa nchi yake huko huko. Alichora nini? Uchagga. Mchoro wake wa 1956 wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku umo katika jumba la sanaa la MoMA, New York. Kwake umbali ulikoleza.

Kurudi Khartoum

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Ibrahim El-Salahi wa Sudan. Alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa na chuo cha Qur'ani, na huko mtoto alijifunza kuandika herufi kwenye ubao. Mwaka 1954 alikwenda London kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, akajifunza kuchora mwili wa binadamu, mandhari, vyote kwa ustadi wa Kizungu. Aliporudi alifanya maonyesho katika hoteli kubwa ya Khartoum. Siku ya ufunguzi watu walikuja. Baada ya hapo ukumbi ukawa mtupu.

Hakuwalaumu watu wake. Aliacha kuchora kwa muda, akaanza kuizunguka Sudan na kujiuliza watu wa kwao wanaweka nini kwenye kuta zao na wanatazama nini kwa furaha. Akakuta mikeka, matandiko ya ngamia, vikapu, nakshi za milangoni, na juu ya vyote, maandishi ya aya na dua yaliyotundikwa kila nyumba. Hapo awali alikuwa amevitazama vitu hivi kama vyombo vya nyumbani tu. Alianza kwa kuandika neno dogo la Kiarabu pembeni mwa mchoro, na watu wakasogea. Akalitandaza neno likajaa picha nzima. Kisha akazivunja herufi, na ndani ya mifupa yake wakatoka wanyama, mimea na nyuso ndefu zenye macho mazito. Rangi zake akazipunguza zikawa za udongo wa nchi yake. Mwaka 2013 jumba la sanaa la Tate Modern, katika mji ule ule aliokuwa mwanafunzi, lilimfanyia maonyesho makubwa ya maisha yake yote.

Safari ipi ilimfanya? Ukisema ya kuzunguka Sudan, umesema nusu. Bila Slade asingekuwa na mkono wa kulichukua neno la ukutani na kulijengea picha, na bila ule ukumbi mtupu asingekuwa na swali. Alikwenda London akiwa na swali la namna ya kuchora, akajibiwa. Swali la kumchorea nani halikuwa kwenye mtaala.

Nikiwatazama vijana wetu nasikitika kwamba wengi wana swali la kwanza tu, na wanadhani jibu la mawili yote liko Ulaya. Wamekulia katika vyuo vya Mji wa Kale na Kibokoni wakizichonga herufi kwa kalamu ya mwanzi. Nyumbani kuna kofia zilizotobolewa kwa sindano kwa miezi, na mikeka ya ukindu iliyosukwa kwa hesabu ngumu. Barabara ya Biashara imejaa kanga, kila moja na mpangilio wake wa pindo, mji na jina ambao umedumu zaidi ya karne moja. Machache mno ya hayo yamevunjwa na kujengwa upya kama El-Salahi alivyozivunja herufi. Mara nyingi hunakiliwa yalivyo, kando ya jahazi.

Nauli ya mahali pamoja

Anayeweza kulipia safari moja tu aanze kwa kujua ana swali gani. Kama ni la nakshi na herufi, safari ya basi kwenda Lamu itamfaa kuliko ndege ya Paris. Kama ni la soko na wenzake wa kubishana nao, aende Nairobi, treni inamfikisha kwa saa tano au sita. Kama ni la vifaa, Kampala iko wazi kwa kitambulisho tu, kwa kuwa Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo tangu 2014, na huko ataona gome likigongwa mpaka liwe kitambaa. Aliye na swali la mwendo wa watu aende Likoni kila asubuhi kwa mwezi mmoja na daftari dogo, aandike rangi kwa maneno kama Delacroix, na asipige picha. Ambaye bado hana swali atafute dirisha moja Mji wa Kale, alichore kabla ya masika na baada yake.

Na atakayebahatika kupata viza ya Ulaya, akiwa anasumbuliwa na mwanga, asiende Julai na umati wa watalii. Aende Januari, avae koti zito, akae kwenye kingo za mto saa sita mchana jua likiwa limejiinamia juu ya mapaa, kisha akirudi Mombasa mwezi Machi, wakati vivuli vimekwisha kabisa, aanze kufanya kazi wiki hiyo hiyo, kabla jicho halijazoea tena.